Haleluya yenye ngoma: Handel ametukanwa au ametunzwa?

Wiki hii naomba tuweke pembeni habari za nani kamwacha nani, tuzungumzie kitu kinachogombanisha kwaya za mjini kuliko hata wivu wa kugombea solo. Nazungumzia Haleluya. Siyo haleluya yoyote bwana, ile yenyewe, ambayo wengine wanaiita Haleluya Kuu na wengine Aleluya Kuu, ile ambayo ikianzishwa siku ya Pasaka hata mzee aliyesinzia tangu mahubiri yaanze anasimama wima kama askari.

Kila sikukuu ikikaribia ugomvi ni ule ule. Vijana wa kwaya wanataka kuipiga kisasa: dramu, gitaa la besi, kinanda cha umeme, na mdundo ambao mguu unautikisikia wenyewe bila kuambiwa. Wazee wanakuja juu: "Mnaharibu wimbo wa watu! Huyo aliyeutunga angefufuka angewachapa viboko!" Vijana nao hawakubali: "Mzee, mambo ya kizamani hayo, dunia imehama." Basi hapo ni kasheshe. Mwishowe mmoja anasusa mazoezi, mwingine anahamia kanisa la jirani, na Pasaka inafika kwaya ina masoprano wanane na tena mmoja mwenye mafua.

Mimi sikutaka kuingia kwenye ugomvi wa watu mikono mitupu. Nikajiuliza swali moja tu: hivi huyo mwenye wimbo wake alikuwa mtu wa namna gani? Maana kila upande unamtaja kana kwamba ulikunywa naye chai leo asubuhi.

Anaitwa George Frideric Handel. Ni Mjerumani, kazaliwa mji wa Halle mwaka 1685, akaja kulowea London. Haleluya yetu ni kipande kimoja tu cha kazi ndefu inayoitwa Messiah, inayochukua zaidi ya saa mbili ukiiimba yote. Maneno yake yalikusanywa kutoka kwenye Biblia na tajiri mmoja Mwingereza, Charles Jennens. Handel alianza kutunga tarehe 22 Agosti 1741, akamaliza 14 Septemba. Siku 24! Kuna kwaya hapa mjini zinatumia muda huo kujadili rangi ya sare, na bado haziafikiani.

Sasa, unajua nani alikuwa wa kwanza kulalamika kwamba Maandiko hayakutendewa haki? Huyo huyo Jennens. Aliona jamaa kaharakisha mno, maneno mazito namna ile yalistahili kazi nzuri zaidi. Kwa hiyo vijana, msidhani manung'uniko yameanza na mwenyekiti wa kwaya yenu.

Sogeeni karibu niwape umbea wenyewe. Wiki chache tu kabla ya Messiah, Julai 1741, Handel alikuwa ametunga nyimbo za Kiitaliano za kuimbwa na watu wawili. Za dini? Thubutu! Za mapenzi. Mmojawapo unamhusu mtu aliyechoshwa na mapenzi, anasema hayaamini tena. Ilipofika zamu ya Messiah, Handel akazichukua nota zile zile, akazivua maneno ya mapenzi, akazivisha Maandiko. Ile kwaya tamu inayotangaza kuzaliwa kwa mtoto, inayoimbwa kila Krismasi, imetoka kwenye wimbo huo. Ile ya kondoo waliopotea nayo imetoka humo humo. Kwa hiyo yule mzee anayekemea kwamba vijana wanaleta miziki ya dunia madhabahuni, kama amewahi kuimba hizo kwaya mbili basi ameimba nota za mapenzi, tena kwa bidii, macho kafumba.

Wala kazi hiyo haikuanzia kanisani. Ilisikika hadharani mara ya kwanza tarehe 13 Aprili 1742 mjini Dublin, Ireland, kwenye ukumbi wa muziki. Watu wapatao 700 walibanana humo. Matangazo yaliwaomba akina mama wasivae zile sketi zenye pete za kuzitanua, na akina baba waache panga zao nyumbani, ili watu waenee. Fedha zilizopatikana, kama pauni 400 hivi, zilikwenda kwenye hospitali mbili na kuwalipia watu waliofungwa kwa sababu ya madeni. Wafungwa 142 wakatoka jela. Hebu fikiria, onyesho moja tu, watu 142 wanarudi nyumbani kwao.

Mwaka uliofuata, 1743, Handel akaipeleka London, kwenye jumba la michezo ya kuigiza la Covent Garden. Moto ukawaka. Mwandishi mmoja gazetini akauliza kama jumba la maigizo ni mahali pa Neno la Mungu, na kama waigizaji ndio watu wa kulitamka. Handel mwenyewe aliona noma, kwenye matangazo hakuweka jina Messiah, akaandika tu kwamba ni oratorio mpya takatifu. Umeona mambo hayo? Mahali si penyewe, waimbaji si wenyewe. Kesi ile ile tunayoisikia leo. Na leo hii kazi iliyoshitakiwa ndiyo imegeuka kuwa kipimo cha kushitakia wengine.

Kuna watakaoniambia, sawa, lakini yaliyopita yamepita, tuiache orijino kama ilivyo. Orijino ipi? Handel alikuwa anaibadili kila alipopata waimbaji wapya. Mwaka 1750 alipompata mwimbaji Mwitaliano Gaetano Guadagni, mwenye sauti ya kupanda na kushuka kama kichaa, alikaa akamwandikia upya kipande kizima ili jamaa aonyeshe alichonacho. Handel akafariki mwaka 1759. Mwaka 1789 nani akaichukua Messiah? Mozart! Akaongeza filimbi, klarineti, honi na tromboni, ikaimbwa kwa Kijerumani mjini Vienna. Hakuna aliyemwita Mozart mhuni.

Waingereza nao hawakuwa nyuma. Pale Dublin waliimba waimbaji wachache wa makanisa makuu mawili ya mji. Mwaka 1784 wakaiimba ndani ya Westminster Abbey kwa waimbaji na wapigaji zaidi ya 500. Mwaka 1857, kwenye lile jumba la vioo la Crystal Palace, waimbaji wakawa kama 2,000. Wimbo ukanenepa, ukawa mzito, ukatembea polepole kama bibi harusi. Mwaka 1959 bwana mkubwa Thomas Beecham akaurekodi ukiwa na matoazi yanayogongana utafikiri bendi ya jeshi. Halafu mwaka 1980 akatoka Christopher Hogwood na santuri ya vyombo vya kale, kwaya ndogo, mwendo mwepesi, karibu na vile Handel alivyousikia. Wapo walioshangaa: mbona unachezeka?

Na hapa ndipo nataka wazee wangu waniwie radhi. Haleluya tunayoiimba sisi nayo imebadilishwa. Imetafsiriwa Kiswahili, na Kiswahili kinapenda mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo mfasiri alilazimika kuvuta hapa, kukata pale, ili neno likae kwenye nota. Wengi wetu tumeisoma kwa solfa, do re mi, ambayo ilienezwa na Mwingereza John Curwen karne nzima baada ya Handel. Vyombo vyote tumevitoa, tumebakiza kinanda, na umeme ukikatika hata hicho hakipo.

Tena sikiliza na hili. Unajua Handel aliandika nini kwenye Haleluya, pamoja na fidla na sauti za watu? Tarumbeta mbili na ngoma. Ndiyo, ngoma! Zile kubwa za shaba zenye umbo la sufuria, zinazopigwa kwa vijiti viwili. Ziko kwenye karatasi ya mwenye wimbo. Sasa nani kaharibu wimbo, kijana anayedai ngoma, au aliyezitoa?

Najua hapo vijana mmeshaanza kushangilia na kupigana viganja. Subirini kwanza. Msije mkanikata kabla sijamaliza.

Nilimfuata mzee mmoja, besi wa siku nyingi kwenye kwaya moja hapa Dar, jina lake nalihifadhi. Kwaya yao imegawanyika kwa jambo hili hili, vijana watano wameshaacha kuja mazoezini. Nilimkuta amekaa peke yake kwenye benchi la nyuma, kitabu cha nyimbo mapajani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Wamekutuma hao wenzio?"

"Hapana baba. Nimekuja kusikia la kwako."

Akacheka kidogo. "La kwangu ni dogo tu. Wimbo huu tulifundishwa kwa chaki, solfa ubaoni, miezi mitatu. Tulikuwa besi sita. Kuna mahali sauti zinafuatana, besi ndio wanaanza, halafu tena, halafu alto, halafu soprano. Unapajua?"

"Napajua mzee."

"Basi. Pale tulikuwa tunaanza sita, pumzi moja. Wenzangu watano sasa wako Kinondoni, wamelala. Nimebaki mimi. Lakini nikifika pale, kila mmoja namsikia kwenye nafasi yake. Mkileta hilo dude lenu linalopiga du-du-du mwanzo mpaka mwisho, siwasikii tena."

Jamani. Nilikuwa na tarehe zangu zote kichwani, Dublin, Mozart, nyimbo za mapenzi, lakini sikumwambia hata moja. Ungemwambia nini? Mzee hagombani na ngoma. Anatetea marafiki zake.

Tangu siku hiyo nauliza swali jingine. Badala ya kuuliza kama wimbo mtakatifu unaruhusiwa kubadilishwa, maana huo umebadilishwa tangu siku ya kwanza, nauliza anayeubadilisha ameusikia kwanza? Anajua ndani yake kuna nini?

Nitawapa mifano miwili, mpime wenyewe.

Mwaka 1981 Waingereza walitoa santuri inaitwa Hooked on Classics. Royal Philharmonic Orchestra, wapigaji wa uhakika kabisa, chini ya Louis Clark. Walichukua vipande vifupi vifupi vya nyimbo maarufu za kale, Haleluya ya Handel ikiwemo, wakaviunganisha kama treni na kuweka chini yake mdundo wa disko wa mashine. Iliuzwa kama njugu. Lakini sikiliza kilichotokea: Haleluya inapita sekunde chache, kabla hujaitambua vizuri imeshapita, mdundo unaendelea vile vile kwa Handel, kwa Mozart, kwa kila mtu. Hakuna aliyewatukana. Wamegeuzwa kiberiti tu, umewasha, umetupa.

Halafu mwaka 1992 Wamarekani Weusi wakatoa albamu yao, Handel's Messiah: A Soulful Celebration. Mmoja wa waliokuwa nyuma ya kazi hiyo ni Mervyn Warren, yule kijana aliyekuwa kwenye kundi la Take 6. Humo ndani yumo Stevie Wonder na hao Take 6 wenyewe, yumo Al Jarreau, yumo Patti Austin, na Haleluya ya mwisho imeongozwa na Quincy Jones. Gospeli, jazi, soul, makofi, kila kitu. Mwaka 1993 ikashinda Grammy. Ule muziki wa kufungulia, badala ya fidla peke yake, umegeuzwa kuwa safari ya muziki wa watu Weusi wa Marekani, kuanzia ngoma za Afrika.

Tofauti ya hizi mbili ni nini, wakati zote zina mdundo? Kwangu mimi ni hii. Wale wa 1992 waliifahamu Messiah. Makanisa ya watu Weusi kule Marekani yana desturi ya siku nyingi ya kuiimba Krismasi, kwa hiyo hawa ni watu waliokuwa wakirudi nyumbani. Ukisikiliza unagundua kila kipande kimepewa mavazi yake, kwa kadiri ya maneno yake. Penye faraja pametulizwa, penye ghadhabu pamechafuka. Wamemjibu Handel. Wale wa 1981 hawakuwa na la kumjibu, walikuwa na haraka.

Sasa nirudi kwa vijana wangu wa mjini. Kwenye Haleluya kuna mahali pamoja ambapo kila mwanakwaya anapaogopa. Karibu na mwisho sauti zote zinakimbizana, haleluya, haleluya, haleluya, halafu ghafla, kimya. Hakuna mtu, hakuna chombo. Ndipo inakuja ile ya mwisho, polepole, nzito. Kila mwaka kuna mmoja anayesahau na kuropoka peke yake kwenye ule ukimya, na kanisa zima linamgeukia. Usicheke, huenda ni wewe.

Ule ukimya ndio mtihani wangu. Mpiga dramu wenu akifika pale akanyamaza, vijiti juu, pumzi kaishika, mimi nasema huyo kamwelewa Handel, apewe viti vya mbele. Akijaza pale na madoido yake, pwa-pwa-pwa-paa, kwa sababu anaogopa watu watamsahau, huyo arudi mazoezini. Wote wawili wana dramu ile ile, ila mmoja amesikiliza.

Kwa hiyo ushauri wangu, kama mtanisikiliza. Vijana, kabla hamjaibadili, iimbeni kwanza kama ilivyoandikwa, sauti nne, bila chombo, mpaka muweze. Mfuateni yule mzee wa besi awafundishe pale pa kuanzia. Mkishaweza ndiyo mlete gitaa, na mtashangaa, mtakuwa mnajua wenyewe gitaa liingie wapi na litoke wapi. Kijana anayebadili asichokiweza anakimbia kazi tu, usimwite mbunifu.

Na nyie wazee wetu, kwa heshima zote, mkiwafukuza hawa watoto mnadhani nani atakuja kusimama kwenye nafasi za wale watano? Mkiondoka nyinyi, ukumbusho wenu utabaki kwenye karatasi ya solfa iliyoliwa na mchwa. Wakaribisheni, wakemeeni, wafundisheni, halafu waacheni wapige. Mnaweza kuimba ya zamani ibadani, na ya vijana kwenye tamasha jioni. Siku ina saa za kutosha.

Kama bado kuna mzee moyo unamuuma, nina neno la kumtuliza. Mwaka 1966 Mtanzania Bernard Kyamanywa, Mlutheri, aliandika pale Makumira wimbo wa Pasaka, Mfurahini Haleluya, wenye mahadhi ya Kihaya. Wazungu wakaupenda, wakautafsiri Kijerumani na Kiingereza. Upo kwenye kitabu cha nyimbo cha makanisa ya Kiprotestanti ya Ujerumani, namba 116. Nchi aliyozaliwa Handel! Wanaupiga kwa kinanda kikubwa cha mabomba, kwa matarumbeta, na ile ladha ya ngoma ya Kihaya sidhani kama wanaipata yote. Je, tumewashitaki? Aa wapi. Tukisikia wimbo wetu umefika huko tunavimba vichwa. Tunajua hawakuuchukua kwa dharau. Waliusikia, wakaupenda, wakauimba kwa midomo waliyonayo.

Mcheza kwao hutunzwa, walisema wahenga. Huyu Handel hakucheza kwao, alitunzwa ugenini London, na bado anatunzwa ugenini mpaka Temeke. Kama kwaya yako imegawanyika kwa ajili ya Haleluya, kata kipande hiki ukibandike kwenye ubao wa matangazo, halafu uniandikie nani kakibandua. Nami Pasaka ijayo nitapita kusikiliza ule ukimya.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.